Karani, Daftari na Mkuo wa Risasi

Hotuba niliyoitoa kwenye mahafali ya kozi ya utunzaji wa kumbukumbu. Nimeiandika upya kwa ajili ya wale walioniomba nakala.

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi na walezi mliofika, na ninyi wahitimu ambao siku hii ni yenu, itifaki imezingatiwa. Nawasalimu wote.

Nimefanya kazi ya masjala kwa miaka 31. Nilipoombwa kuzungumza leo, mwalimu mmoja aliniambia, "Mzee, kanuni na miongozo wameshaisoma yote. Wape kitu cha mbali kidogo." Basi nimewaletea kitu cha mbali kwelikweli: barua za wafanyabiashara wa risasi na fedha wa kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 18. Huko sijawahi kufika. Watu wale nimewajua kupitia makaratasi yao, na ndivyo nanyi mtakavyowajua watu wengi katika kazi hii, wengine wakiwa wameshazikwa zamani.

Nianze na maneno mawili tunayoyatumia kila siku. Tukisema risasi, mtoto anawaza bunduki. Lakini risasi ni madini kwanza. Mvuvi anayetia chubwi kwenye mshipi wake anaijua hivyo, na fundi wa betri za magari vilevile. Tukisema fedha, tunawaza bajeti na mshahara, tunasahau kwamba fedha nayo ni madini meupe yanayochimbwa ardhini. Katika milima ninayotaka kuwapeleka, vitu hivyo viwili vilitoka katika jiwe moja, jiwe la kijivu linalong'aa na zito kuliko unavyotarajia unapoliinua. Wanajiolojia wanaliita galena.

Milima yenyewe ni ile ya Pennine, upande wa kaskazini, pale Northumberland, Durham na Cumberland zinapokutana. Kuna kijiji kinaitwa Allenheads, zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, na ng'ambo ya mlima kuna Nenthead. Ni nchi ya upepo, mvua na theluji, mahali ambapo shayiri yenyewe huota kwa shida. Hapakuwa na sababu ya watu wengi kukaa huko isipokuwa hilo jiwe.

Sehemu kubwa ya migodi ya Allendale na Weardale ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Blackett. Kuanzia mwaka 1729 mwenye mali alikuwa Walter Calverley, aliyemwoa mrithi wa ukoo huo na kuchukua jina lake, akawa Sir Walter Calverley Blackett. Huyu bwana alikuwa mbunge wa Newcastle kuanzia mwaka 1734 mpaka alipofariki mwaka 1777. Hiyo ni miaka 43 ya bungeni, na ubunge wake una kazi katika habari yangu, mtaona.

Upande wa pili wa mlima kulikuwa na kampuni iliyopata hati ya kifalme mwaka 1692, ambayo watu waliizoea kwa jina la Kampuni ya Risasi ya London. Wengi wa walioiongoza walikuwa Marafiki, yaani Quakers, dhehebu la Kikristo ambalo ndugu zetu wa Kaimosi, magharibi mwa Kenya, wanalijua vyema. Na kulikuwa na mwenye mali wa tatu, ambaye habari yake hunigusa kila ninapoikumbuka. Mwaka 1716 bwana mmoja mwenye cheo cha Earl wa Derwentwater alikatwa kichwa kwa kuasi, mashamba na migodi yake ikataifishwa, na mwaka 1735 ikakabidhiwa kwa Hospitali ya Greenwich, makao ya mabaharia wazee na waliolemaa. Kwa hiyo mchimbaji wa Alston, katika milima hiyo hiyo, mtu ambaye pengine hajaiona bahari maisha yake yote, alikuwa anachimba chakula cha mabaharia. Na mmoja wa wasimamizi walioandikiana barua na wakuu wa Greenwich kuhusu migodi hiyo alikuwa John Smeaton, mhandisi yule yule aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone. Aliishika kazi hiyo kuanzia mwisho wa mwaka 1764 hadi 1777.

Sasa fuateni jiwe. Linachimbwa, linapondwa, linaoshwa kwa maji ya mto. Linapakiwa kwenye mifuko, mifuko inawekwa mgongoni mwa farasi wadogo wa milimani, na farasi wanatembea kwa mstari kuvuka nyika hadi kwenye tanuru. Farasi hao walifungwa midomo wasile majani ya kando ya njia, kwa sababu vumbi la risasi lilikuwa limeyatia sumu. Tanuru kubwa la akina Blackett lilikuwa Dukesfield, kusini mwa mji wa Hexham, kando ya kijito kinachoitwa Devil's Water. Gurudumu la maji linavuta mivukuto, mivukuto inapuliza moto, risasi inayeyuka na kumiminwa kwenye kalibu. Kinachotoka ni mkuo, yaani kipande kizito cha risasi iliyoganda, wenye uzito wa karibu ratli 168; ratli moja haifiki nusu kilo. Hapo sijaigusa fedha bado.

Fedha imejificha ndani ya risasi, na kuitoa ni kazi ya ufundi mkubwa. Risasi inayeyushwa tena juu ya sahani nene iliyotengenezwa kwa majivu ya mifupa, kisha inapulizwa upepo mkali. Risasi ikipata hewa na moto hugeuka kutu ya rangi ya manjano, na kutu hiyo huondolewa kidogo kidogo. Fedha haishiki kutu. Saa zinapita, risasi inapungua, na mwisho katikati ya sahani linabaki bonge jeupe. Tani nzima ya risasi ya milima ile kwa kawaida ilitoa wakia 7 au 8 hivi, uzito wa ile pakiti ya majani ya chai ya robo kilo. Bei ya kiwanda cha kifalme cha sarafu ilikuwa shilingi 5 na pensi 2 kwa wakia, kwa hiyo wakia 8 zililipa paundi 2 na ushee. Ukiwa na mzigo mdogo hiyo si kitu. Ukiyeyusha maelfu ya mikuo kwa mwaka, ndiyo faida yenyewe. Lakini kila safari ya kwenye sahani iliteketeza kuni na makaa na kupoteza risasi kidogo, kwa hiyo lilikuwepo swali la kudumu: mzigo huu una fedha ya kutosha kulipia kazi yake, au tuuze risasi kama ilivyo? Swali hilo liliulizwa na kujibiwa kwa barua.

Sehemu ya fedha ya ile Kampuni ya London ilipelekwa kutengenezwa sarafu. Ukiona shilingi ya enzi za Mfalme George wa Kwanza au wa Pili yenye alama za waridi na manyoya yakipokezana kati ya ngao, ujue fedha yake ilitoka kwa kampuni hiyo. Ndiyo, shilingi. Jina tunaloliandika kwenye kila hati ya malipo katika ofisi zetu limetoka huko. Hata hivyo, mara nyingi katika karne ile bei ya fedha sokoni ilikuwa juu kuliko ile ya serikali, na fedha nyingi iliishia kwa Kampuni ya India ya Mashariki. Meli za kampuni hiyo zilibeba fedha na risasi kwenda India na China, na nyingi zilipita katika mlango wa bahari wa Msumbiji na kutia nanga Nzwani, Ngazija ikiwa ng'ambo, kuchota maji na kununua chakula. Watu wa visiwa vile waliziona meli hizo kwa macho yao.

Naomba mnivumilie, hayo yote yalikuwa utangulizi. Hoja yangu inaanza hapa.

Hebu wapangeni watu wa biashara hii kwenye ramani. Mwenye mali yuko London, bungeni. Msimamizi mkuu yuko ofisini Newcastle. Msimamizi wa tanuru yuko Dukesfield. Msimamizi wa mgodi yuko Allenheads, na wakati wa theluji anaweza kukaa siku kadhaa bila mtu kumfikia. Mnunuzi yuko London, au Amsterdam, au Rotterdam. Kati yao hakuna ambaye anaweza kumwona mwenzake. Mkuo wa risasi hausemi ni wa nani, umelipiwa au haujalipiwa, una fedha ndani au hauna. Anayeyasema hayo ni karani. Mimi, baada ya kuzisoma barua nyingi za aina hii, naamini kwamba mtu aliyeishikilia biashara ile isianguke ni yule kijana aliyekaa ofisini Newcastle na kalamu ya unyoya wa bata bukini, akinakili barua kwenye daftari.

Tazameni karatasi hii niliyoishika. Ni karatasi moja kubwa, nimeikunja mara moja katikati, kwa hiyo nina kurasa nne. Barua inaandikwa kwenye kurasa tatu za mwanzo. Ukurasa wa nne unaachwa wazi, kwa sababu ndio utakaokuwa bahasha. Unakunja hivi, kisha hivi, unaingiza ncha hii ndani ya ile, unadondosha lakiri, unagonga muhuri. Anwani unaiandika hapa mbele.

Kwa nini hawakutumia bahasha? Kwa sababu posta ilitoza kwa idadi ya karatasi na umbali. Sheria ya mwaka 1711 iliweka pensi 4 kwa barua ya karatasi moja inayokwenda zaidi ya maili 80. Ukiweka karatasi ya pili, hata kama ni bahasha tupu, bei inakuwa pensi 8. Na kwa kawaida aliyelipa alikuwa mpokeaji. Fikirieni adabu inayotokana na jambo hilo: ukimwandikia mtu maneno ya ovyo, umemtoza pesa kuyasoma. Ndiyo maana barua nyingi za biashara za wakati ule zimebanwa, mistari imeshikana, na penye nafasi ndogo pembeni pamejazwa habari ya mwisho iliyofika wakati farasi wa posta ameshafika mlangoni.

Na hapo ndipo ubunge wa Sir Walter unapoingia. Wabunge hawakulipia posta. Katika kipindi cha Bunge, na siku 40 kabla na baada yake, barua za mbunge zilisafiri bure, zinazokwenda kwake na zinazotoka kwake, mradi zisizidi uzito uliowekwa. Kwa ofisi ya biashara iliyoandika kila wiki hiyo ilikuwa neema. Watu walikuwa wanaomba sahihi za wabunge kwenye karatasi tupu na kuzitumia baadaye kwa mambo yao. Serikali ikachoka, na mwaka 1764 ikaamuru kwamba mbunge aandike anwani yote kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo ukikuta barua ya baada ya mwaka huo, anwani imeandikwa kwa mwandiko mmoja na ndani kuna mwandiko mwingine, usidhani kuna udanganyifu. Bwana ameandika nje, karani ameandika ndani.

Mwaka huo wa 1711 nilioutaja una jambo jingine la kutuhusu sisi. Barua za kale zaidi za Kiswahili tunazozijua, zilizoandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu, ni za mwaka 1711, na zimehifadhiwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya Goa, India. Nazo zinasimulia masuala ya watu walio mbalimbali wanaotaka kuaminiana. Mwaka mmoja, bahari mbili tofauti, na mahali pote pawili kuna mtu ameinama juu ya karatasi akitafuta neno litakalomfika mwenzake bila kumuudhi.

Turudi Newcastle. Barua ilichukua siku 3 au 4 kufika London, na jibu lilirudi kwa muda kama huo, ukiongeza siku za kusubiri zamu ya posta. Kwa hiyo kila barua ilianza kwa kueleza inajibu nini: nimepokea barua yako ya tarehe 14 ya mwezi huu. Wengine huona maneno hayo ni mapambo. Kwangu mimi ni kumbukumbu namba yao. Kama barua mbili zimepishana njiani, mpokeaji atajua mwandishi alikuwa anajua nini alipoandika. Mwisho wa barua walijiita watumishi watiifu na wanyenyekevu kabisa, hata pale walipokuwa wanadai deni kwa hasira. Sisi tulio na "shikamoo" hatuna sababu ya kushangaa.

Tarehe nazo zina mtego, na mwanafunzi wa kumbukumbu lazima aujue. Mpaka mwaka 1752 Uingereza ilitumia kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku 11 ikilinganishwa na ile ya Amsterdam. Chukueni barua iliyoandikwa Amsterdam tarehe 5 Machi, ikasafiri wiki moja. Inafika Newcastle tarehe 1 Machi. Imefika siku nne kabla ya kuandikwa! Juu ya hayo, mwaka wa kisheria wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi. Barua ya Februari katika ile baridi kali iliyogandisha mito ya Ulaya wao waliiweka katika mwaka 1739, sisi tunauita 1740, na karani makini aliandika yote mawili, 1739/40. Asiye makini aliandika mmoja tu, na akawaachia watu wa leo kazi. Mwaka 1752 walirekebisha: tarehe 2 Septemba ikafuatwa na tarehe 14. Mwenye hati ya malipo inayoiva siku hizo alihitaji maelezo ya kutosha.

Vipimo navyo vilikuwa mtego mkubwa kuliko tarehe. Risasi iliuzwa kwa kipimo kinachoitwa fotha. Ungetegemea fotha iwe moja. Newcastle ilikuwa ratli 2,352. London, kwa mafundi wa risasi, ilikuwa ratli 2,184. Kwenye migodi ya Derbyshire ilikuwa ratli 2,520. Wazee wetu waliopima kwa frasila na pishi watanielewa vizuri, maana pishi ya mjini na pishi ya shamba hazikuwa ndugu siku zote. Sasa toeni ile ya London kwenye ile ya Newcastle. Inabaki ratli 168, uzito wa mkuo mmoja kamili. Ukiuza fotha 100 na barua yako haikusema ni fotha ya wapi, mna ugomvi wa mikuo 100, yaani tani 7 na nusu za risasi. Huo ni mlolongo mrefu wa farasi waliovuka mlima kwa sababu ya neno moja lililosahaulika. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga.

Malipo yalikwenda kwa hati. Sisi hatuhitaji kuelezwa sana, maana neno hawala tunalo, na hundi tunayo kutoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi tangu enzi za majahazi. Mnunuzi wa Newcastle anaandika amri kwa mtu wake wa London: baada ya siku kadhaa za kuiona hati hii, mlipe fulani kiasi fulani. Kabla siku hazijaiva, hati inapita mkono hadi mkono, kila anayeipokea anasaini nyuma, na kila sahihi ni dhamana. Yule wa London akikataa kulipa, hati inarudi nyuma ikiwagonga wote waliosaini, mmoja baada ya mwingine. Mnaelewa sasa kwa nini barua zao zimejaa maulizo kuhusu hali za watu: fulani bado ana uwezo? Tumesikia meli yake imechelewa, ni kweli? Hizo ndizo zilizokuwa taarifa za mikopo za wakati ule.

Lakini hati ya paundi 200 ya London hainunui unga Allenheads. Wachimbaji walihitaji sarafu. Na hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo ninaposikia sauti za watu ambao hawakuandika barua.

Mchimbaji hakulipwa mshahara wa mwezi. Wanaume wachache waliungana, wakapatana na msimamizi bei ya kila kipimo cha madini watakachotoa, kwa robo mwaka. Wakati wakichimba walipewa pesa kidogo ya kujikimu, kama mkopo. Hesabu kubwa ilifanywa mara moja kwa mwaka. Mwamba ukiwa na madini, walitoka na kitu mkononi. Mwamba ukiwa mtupu, walimaliza mwaka wanadaiwa. Na siku ya hesabu ikisogezwa mbele kwa sababu risasi haijauzwa au hawala haijalipwa, duka la kijijini linaendelea kukopesha mpaka linachoka. Wachimbaji wadogo wanaosubiri mgawo wa mawe pembeni ya maduara ya Geita na Chunya wangewaelewa wenzao hawa bila mkalimani.

Basi barua za kutoka milimani zinaomba pesa taslimu, na ofisi inaeleza kwa nini sarafu hazipatikani. Newcastle ilipata benki yake ya kwanza mwaka 1755, kwa juhudi za mfanyabiashara Ralph Carr na wenzake, na kabla ya hapo kukusanya sarafu za kutosha kulipa bonde zima ilikuwa kazi ya kubisha hodi mlango kwa mlango, kisha kuzibeba kwa farasi kuvuka nyika. Mwaka 1745, jeshi la waasi lilipowashinda askari wa mfalme karibu na Edinburgh mwezi Septemba, Newcastle iliziba malango yake kwa mawe. Hebu fikirini msimamizi wa mgodi anayesubiri sarafu mwezi ule.

Katika barua hizi mchimbaji haonekani mpaka alete shida. Akiwa mzima na anachimba, ni namba ya vipimo. Akigoma, akiumia, akihama, ndipo anatajwa. Hilo linaniuma, na sitaki kulipamba. Barua ziliandikwa na wenye mamlaka kwa faida yao. Lakini bila zile barua, yule mchimbaji asingekuwepo popote. Hana kaburi lenye jina, na nyumba yake imeshakuwa zizi la kondoo. Mstari mmoja wa karani, ulioandikwa kwa kulalamika, ndio uliomhifadhi.

Na mstari ule umefikaje kwetu? Kwa daftari la nakala. Barua halisi iliondoka na posta, na nyingi zilitumika kuwashia moto huko zilikokwenda. Kilichobaki ofisini ni nakala aliyoiandika karani kwa mkono kabla ya kufunga lakiri. Neno kwa neno, kila barua inayotoka, mwaka baada ya mwaka. Mashine ya kunakili ya James Watt, ile ya kukandamiza karatasi nyembamba iliyoloweshwa juu ya wino, ilipata hataza mwaka 1780 tu. Kabla ya hapo ni vidole. Kwa sababu hiyo tunachosoma mara nyingi ni upande mmoja. Ni kama kukaa kwenye daladala karibu na mtu anayeongea na simu: unasikia "Hapana, nilisema Ijumaa," halafu kimya, halafu "Siyo mimi niliyepokea." Unalazimika kujenga upande wa pili kichwani, na unakosea mara kwa mara.

Najua thamani ya nakala kwa jambo lililonipata. Katika ofisi moja niliyofanya kazi zamani alikuja dereva mstaafu, mtu mzima, na kofia yake mkononi. Barua yake ya kuajiriwa ilikuwa haimo kwenye jalada lake, na bila hiyo miaka 6 ya utumishi ilikuwa haihesabiki. Alikuwa ameshazungushwa miezi minane. Zamani kila barua iliyotoka ilipigwa chapa na nakala mbili za kaboni, moja ya jalada husika na moja ya jalada la nakala za mfululizo wa tarehe. Nilishuka ghalani, nikakuta ya mwezi ule. Karatasi ilikuwa laini kama ganda la kitunguu, wino wa buluu umefifia, lakini jina lake, cheo na tarehe vinasomeka. Mpiga chapa aliyeiweka pale hakumjua huyo mzee. Alifuata utaratibu tu siku moja ya Jumanne, na baada ya miaka zaidi ya 20 mtu akala jasho lake.

Tanuru la Dukesfield lilizimwa katika miaka ya 1830. Limebaki jozi ya matao ya mawe kando ya kijito, miti imeota juu yake. Wakazi wa eneo lile waliamua kujitolea, wakakaa na madaftari ya akina Blackett na wenzao, wakayasoma na kuyaandika upya barua kwa barua ili kila mtu aweze kuyasoma. Wengi wao hawakuwa wanahistoria. Walianza kwa kujifunza mwandiko: kwamba s ya wakati ule inafanana na f, kwamba herufi kubwa ziliwekwa kila mahali, kwamba maneno yalikatwa ili kuokoa nafasi. Mtu anaweza kukaa mchana mzima na neno moja, kisha mwenzake akapita nyuma na kikombe cha chai akalisoma bila kusimama. Wenye uzoefu wa masjala hapa mnacheka kwa sababu mnaijua hali hiyo.

Nimezungumza vya kutosha, na naona harufu ya pilau imeshatuzidi nguvu. Ila nina ombi. Pale kwenye meza ya nyuma nimeweka karatasi, mshumaa, kipande cha lakiri na muhuri wa zamani niliopewa nilipostaafu. Baada ya chakula, anayetaka aje. Andikeni kurasa tatu, mwacheni mtu mmoja anakili kabla hamjafunga, halafu niwaonyeshe tena namna ya kukunja, maana ile ncha ya mwisho ndiyo inayowashinda wengi. Mimi mwenyewe ilinishinda mara saba.

Asanteni sana kwa kunisikiliza, na hongereni.